Jina Ambalo Doreen Tinnion Alisubiri Kuliita

Mchungaji, ndugu, majirani wa Maryport, na nyinyi mliosimama nyuma kwa kukosa viti, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Familia imemteua mdogo wa marehemu, Norman Musgrave, kuisoma historia hii, si kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayeyajua ya utotoni, na marehemu mwenyewe aliacha agizo kwamba Norman asome kilichoandikwa na asitie chumvi, naye atajitahidi.

Doreen Annie Tinnion alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 hapa hapa Maryport, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mtaa unaoshuka bandarini, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Joseph Musgrave, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Annie, na miaka mitatu baadaye akafuatiwa na Norman, ambaye dada yake alimbeba, akamwogesha, na akamchapa makofi mpaka siku alipompita kimo. Alisoma shule ya msingi na ya sekondari katika mji huu kuanzia mwaka 1956 hadi 1967, akajulikana kwa kupenda taratibu kupita kiasi, maana hata michezo ya watoto aliitungia foleni, na mpaka leo familia inasimulia jinsi alivyomnyima mama yao mzazi kipande cha keki, siku ya kuzaliwa ya Norman, kwa sababu mama alipita mbele ya watu.

Septemba 1967 aliajiriwa katika maktaba ya mji, akaifanyia kazi hadi alipostaafu Machi 2011. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Wilf Tinnion, fundi wa kiwanda cha reli kule Workington, mtu mpole aliyesema maneno machache kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, nyumba tayari ilikuwa na msemaji, na Mungu akawajalia watoto wawili, Hilary aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1979, ambaye sasa ni muuguzi, na Gavin Wilfred aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1985.

Lakini kazi iliyomtambulisha Doreen hapa mjini ni ile ya siku moja moja, ya siku za uchaguzi, ambayo aliianza mwaka 1983 akiwa karani wa kituo cha kura katika ukumbi wa kanisa hili, na kuanzia 2007 akawa msimamizi wa kituo, mwenye kufunga penseli kwa uzi ili zisitembee na watu, na kila saa moja asubuhi kulifunua sanduku mbele ya waliowahi, walione kuwa ni tupu, ndipo alitie lakiri. Mnajua utaratibu, mtu akishapatikana katika daftari la wapiga kura huitwa namba na jina lake kwa sauti, kisha hupewa karatasi, na hapakuwa na mwita majina kama Doreen, aliita la mwenye mashamba na la mlevi wa bandarini kwa heshima ile ile. Tarehe 5 Mei 2005 aliita kwa mara ya kwanza "Tinnion, Gavin Wilfred," akaita kwa sauti iliyofika barabarani, kijana akawa mwekundu mpaka masikioni, akanong'ona, "Mama, basi, watu wanasikia," naye akamjibu, "Ndiyo maana yake, mwanangu, wasikie." Alirudi nyumbani siku ile akiimba.

Machi 2011 Gavin alikamatwa, kwa kuwa aliingia bila ruhusa ndani ya kompyuta za kampuni moja ya Marekani akiwa chumbani kwake ghorofani, juu ya jiko la mama yake, na Wamarekani wakamtaka akajibu mashtaka kwao. Marehemu hakusema hata mara moja kwamba mtoto hakukosa. Alichosema mahakamani, magazetini, kwa mbunge, na kwa kila aliyemkuta dukani ni hiki, "Mkosaji ni wangu, sikatai, ila mhukumuni hapa, mahali ninapoweza kupanda basi nikamwone," na wengine mjini walimwunga mkono, wengine walimwambia mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa ni mkataba, na Norman na jirani yao mmoja hawakusalimiana miaka miwili kwa ajili ya jambo hilo. Haikusaidia kitu, amri ikatiwa saini, na tarehe 17 Septemba 2012 Gavin alipandishwa ndege, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, majaji wakapewa nafasi ya kuuliza kama kesi isingefaa zaidi kusikilizwa hapa nyumbani, na Doreen aliposoma habari hiyo alikunja gazeti akasema, "Dawa imefika, mgonjwa keshaondoka," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili alipopika viazi na nyama ya kondoo alipakua sahani ya Gavin, akaifunika, na jioni Wilf akaila, mpaka Wilf naye alipofariki tarehe 30 Januari 2016, na kuanzia hapo sahani ile ililiwa na Norman. Na kila uchaguzi alipofungua daftari aliona mahali pa Gavin pamerukwa, kwa kuwa huko alikuwa amehukumiwa kifungo, na mfungwa hapigi kura, karani akasikia anashusha pumzi, kisha anasema, "Haya, tuendelee, milango ifunguliwe."

Kisha mwaka 2023 ikaja sheria ya kutaka kila mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha, na marehemu aliichukia waziwazi, alisema itamlazimu kumwuliza mtu aliyemwazima vitabu miaka arobaini, "Wewe ni nani?" Hata hivyo alizunguka mji mzima kuwakumbusha watu, buchani, kanisani, kwa daktari wa meno akiwa na pamba mdomoni, wasije kurudishwa mlangoni.

Tarehe 3 Juni 2024 Gavin alirudi, mwembamba, mvi kichwani, na pasipoti yake ilikuwa imepotelea huko huko, amekuja na karatasi ya safari aliyoikabidhi uwanja wa ndege. Majirani wote mlimwona Doreen siku zile, alipika kana kwamba analisha meli, na kesho yake tu aliandikisha jina la mwanawe, kwa maana uchaguzi mkuu ulikuwa umeitishwa tarehe 4 Julai. Lakini mganga hajigangi, mama huyu aliyekumbusha mji mzima habari ya kitambulisho hakukumbuka kumwombea cha kwake, furaha ilimfumba macho, akaangalia uso wa mtoto mchana kutwa na isimpitie akilini kwamba uso ule ulihitaji ushahidi.

Siku ya kura Gavin aliingia ukumbini saa nne asubuhi amevaa koti la baba yake, Norman akiwa nyuma yake na mbwa. Doreen alikuwa ameshaweka rula chini ya jina. Akamwomba kitambulisho, kama alivyomwomba kila mtu, na hapo ndipo wote wawili walipokumbuka.

"Sina, mama."

"Basi siwezi kukupa karatasi."

Norman alishindwa kuvumilia, akapaza sauti, "Doreen, acha wazimu, huyu umemzaa mwenyewe!" naye akamjibu bila kumtazama, "Bwana Musgrave, ukipiga kelele kituoni kwangu utatoka wewe na mbwa wako," kisha akamgeukia mwanawe, akasema maneno ambayo karani wake, Beth Kirkbride, aliyasikia vizuri, "Sheria hii siipendi, Gavin, lakini nikiipinda kwa ajili yako, wale waliokuchukua nitawaambia nini?" Gavin alisema, "Sawa, mama," akatoka, akakaa juu ya ukuta wa mbele, akawa anawashikia watu mbwa wao wakiingia kupiga kura, na msimamizi haruhusiwi kuondoka kituoni, kwa hiyo mchana mzima Doreen alimwona mwanawe kupitia dirishani, akaita majina ya mji mzima isipokuwa hilo moja. Sheria ni msumeno, na siku ile ulikata nyama yake.

Wiki iliyofuata alimshika mkono wakaenda kupiga picha, na kadi ya kitambulisho ikaja, na kilichobaki ni uchaguzi. Ugonjwa ukatangulia. Februari 2025 madaktari waligundua saratani ya kongosho, na aliposikia kwamba diwani wetu amejiuzulu, na uchaguzi mdogo umepangwa tarehe 22 Mei, alimwambia daktari kwa sauti yake ya maktaba, "Mimi sikuombi miaka, nifikishe tarehe ishirini na mbili tu, kiti changu kiwekwe karibu na daftari." Hakufika. Alifariki nyumbani tarehe 7 Mei 2025, asubuhi, Hilary na Gavin wakiwa kando yake, na neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa swali, kama kadi iko mahali salama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mlioleta supu na kukata majani bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na makarani wote aliowafundisha kufunga uzi wa penseli. Shukrani za pekee ni kwa Beth Kirkbride, aliyekalia kiti cha marehemu Alhamisi iliyopita. Gavin alikuwa wa kwanza mlangoni, akaonyeshwa sanduku tupu, na Beth, aliyekula mezani kwa Doreen tangu utoto, alimwomba kitambulisho, akaitazama picha, akamtazama yeye, bila haraka, kama alivyofundishwa, kisha akasimama na kuita namba, na baada ya namba akaita "Tinnion, Gavin Wilfred," kwa sauti iliyofika barabarani.

Dada, tulikuwa nje na mbwa, tumesikia. Pumzika kwa amani.