Risala ya Wamotard wa Cimpunda juu ya Ukungu wa Kaske na Parasol Iliyotembea

Mgeni rasmi, Maman Georgette Bulonza, Présidente wa Kamati ya Usalama wa Vichwa;
Papa Zagabe, mkubwa wa parking yetu, uliyekuja leo na koti la ndoa yako, na bado linafunga kifungo kimoja;
Papa Polycarpe, katekista wetu na abiria mwenye roho ya uvumilivu;
Maman Bintu wa bitumbura, maandazi yetu ya mafuta, pamoja na bitumbura zenyewe, ambazo zitaliwa baada ya risala, siyo wakati wa risala, Willy, tunakuona;
Ndugu wamotard wote mliozima pikipiki, na wewe mmoja pale nyuma ambaye bado hujazima:

Bonjour, na mes respects.

KARIBU

Sisi wamotard, wabeba abiria wa pikipiki wa parking ya Cimpunda, tunakukaribisha kwa mikono miwili, maana leo hakuna anayeshika usukani. Tumefagia parking tangu saa kumi na mbili asubuhi. Tope tumelisukuma upande wa parking ya jirani, nao wamelirudisha, nasi tumelisukuma tena. Hapo uliposimama ndipo mapatano yalipofikia.

Maman, hatutajifanya kwamba umekuja kunywa chai. Wiki tatu zilizopita ulichukua pikipiki ya ndugu yetu Mugisho, ukasema mbele ya watu wote: "Hii pikipiki itarudi siku mutanionyesha dawa ya ukungu ndani ya kaske." Leo ndiyo siku yenyewe. Tukikuonyesha, Mugisho atapanda. Tukishindwa, ataendelea kwenda kwa miguu. Na sijui kama umeshamwona Mugisho akienda kwa miguu. Akifika kwenye kona anatoa mkono. Akishuka mlima anabana vidole kama anashika breki. Juzi alisimama mbele ya mama mmoja mwenye mzigo, akamuuliza: "Maman, tunaenda wapi?" Mama akaangalia nyuma yake, akaangalia chini, akakimbia.

HISTORIA YA UKUNGU WETU

Cimpunda iko juu, ziwa liko chini, na baridi yote inayopanda kutoka ziwa inapitia hapa kabla ya kujua inaenda wapi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, mtu anavaa koti mbili na bado meno yanapiga ngoma. Wale wetu wanaofika mpaka njia ya Bunyakiri, kule juu kwenye msitu, wanasema baridi ya kule inakuuliza jina la baba yako.

Mwanzoni mwa mwaka Kamati yako ikaleta sheria: pikipiki ikitembea, kioo cha kaske, kofia yetu ngumu ya pikipiki, kiwe chini. Sheria hiyo ni nzuri, tunasema kwa moyo wote. Kabla yake, Willy alikuwa anaendesha mdomo wazi, anafika Nyawera ameshakula wadudu mpaka anakataa chakula cha saa sita.

Lakini kioo kikishuka, pumzi ya motard inabaki ndani. Ndani joto, nje baridi, kioo kinakuwa cheupe. Sisi tunaita "kuingia kwenye chungu cha fufu", yaani cha ugali unaofuka mvuke. Unasikia dunia, huioni. Na ukifungua kioo kidogo ili uone, kuna mtu wa Kamati anapiga filimbi. Filimbi unaisikia vizuri sana.

Sasa tufike kwenye ile asubuhi, maana watu wengi wanaisimulia vibaya, hasa wa parking ya jirani.

Ulikuwa umesimama kwenye mzunguko, chini ya parasol, ule mwavuli mkubwa wa njano wa Kamati, unagawa karatasi za kubandika kwa kila motard aliyefunga kioo. Mugisho alikuwa anakuja polepole, polepole kabisa, kuku mmoja alikuwa amempita. Nyuma alikuwa amembeba Papa Polycarpe. Mugisho kioo chini, mikono miwili kwenye usukani, mfano mzuri wa taifa. Kama angepita hivyo hivyo, leo tusingekuwa hapa.

Lakini Mugisho alikuona. Na mutoto wa Bukavu aliyelelewa hawezi kumpita mama mkubwa bila salamu, na salamu yetu haikatwi katikati. Akaanza, mdomo ndani ya kaske, kioo kimefungwa kama sheria inavyotaka:

"Bonjour Maman! Mulilala muzuri? Nyumba iko aje? Batoto banasoma? Na Papa, ile mugongo ilipona? Na muzee wa Idjwi, kifua yake iko aje?"

Maman, tumefanya hesabu. Kwenye "bonjour" kioo kilikuwa safi. Kwenye "batoto" aliona nusu. Alipofika kwenye mgongo wa Papa, mume wako, alibaki anaona nukta moja ya njano, akasema moyoni, "Ile ndiyo Maman Présidente," akaifuata kwa heshima. Alipofika Idjwi hakuona kitu tena, na nukta ya njano ilikuwa parasol.

Iling'oka yote na fimbo yake, ikamkaa kichwani, ikawafunika wote wawili. Mugisho akaendelea. Papa Polycarpe, ambaye kaske yake ya abiria haina kioo tangu Pasaka, anashuhudia maneno yaliyosemwa humo ndani:

"Mugisho, kumekuwa giza."

"Ni ukungu tu, Papa. Iko mingi leo."

"Mugisho, hii ukungu iko ya njano."

"Jua iko inataka kutoka, Papa."

"Mugisho! Hii ukungu iko na maandishi!"

"Inasema nini?"

"Ngoja, iko inasomeka kinyumenyume... ONA MBALI, FIKA MZIMA."

"Amina, Papa," Mugisho akajibu, maana alifikiri ni somo la siku. Akaingia kwenye meza ya Maman Bintu.

Hakuna aliyeumia. Bitumbura arobaini zilianguka, na Willy alizizika zote tumboni kwa heshima. Maman Bintu alichukua mwiko, akagonga juu ya parasol kama mtu anayebisha hodi, akauliza: "Huyu mukubwa aliyekuja na nyumba yake ni nani?" Hapo ndipo ulipofika wewe, Maman, bila kivuli, ukachukua pikipiki.

TULIYOJARIBU KWA WIKI TATU

Tulikaa kikao. Papa Zagabe alisema tusiombe huruma, tutafute dawa. Na yeye, kwa vile ni mkubwa, akatoa kichwa chake kiwe cha kwanza.

Siku ya kwanza alipaka dawa ya meno ndani ya kioo. Ukungu haukuja, ni kweli. Ila mnanaa uliingia machoni, akalia kutoka hapa mpaka kwenye soko la Kadutu. Abiria wake, mama mwema, alimpiga mgongo njia yote: "Lia tu, Papa, iko inaisha. Ni mwanamuke?" Wakafika, akamwombea.

Halafu tukajaribu sabuni. Hervé, ambaye ndiye mimi ninayesoma, alisikia "paka sabuni", akapaka kama anayefua mapazia. Mvua ikanyesha. Aliingia Nyawera kichwa chote kikiwa povu jeupe, watoto wa shule wakampigia makofi.

Willy akasema babu yake alitumia kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kila ugonjwa. Akapaka kasiksi kwenye kioo. Kioo kilikaa safi dakika tano, kisha akaanza kukiramba. Hatujui matokeo, kwa sababu Willy mwenyewe hayakumbuki.

Aliyetuokoa nusu ya njia ni Maman Bintu. Alikata kiazi kibichi katikati, akakisugua ndani ya kioo, akangoja kikauke, akapangusa na kitambaa kikavu. Kioo kikakaa safi kuliko dhamiri zetu. Kisha akamnyang'anya Hervé sabuni, akamwonyesha: tone moja tu, kama la kunyoa kidevu cha mtoto, paka, pangusa mpaka usilione tena. Hiyo pia ilifanya kazi. Mugisho, ambaye hana pikipiki lakini ana kaske, akaongeza lake: kitambaa juu ya pua, ili pumzi iende chini shingoni, isipande kwenye kioo. Tulifurahi. Tulitaka kukuita siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi tukatoka, wote kiazi, wote kitambaa. Tulipofika kona ya kwanza sote tulikuwa kwenye chungu cha fufu.

Kwa nini? Kwa sababu pale konani alikuwa amekaa muzee mmoja, tukamsalimia.

Ndiyo, Maman. Kiazi kinaweza kushinda pumzi. Hakiwezi kushinda salamu za Bukavu. Motard wa hapa anasalimia watu sitini kabla ya saa mbili, na kila mmoja ana nyumba, watoto, mgongo na ng'ombe wa kuuliziwa.

Tukasema basi tukae kimya. Siku mbili tuliendesha bila neno. Siku ya tatu Cimpunda nzima ilijua tumeingia dini mpya. Mama yake Willy alilia: "Mutoto wangu alinipita kama mbwa!" Abiria walishuka katikati ya njia wakifikiri tumewakasirikia.

Tukasema tusalimie kwa honi. Moja: bonjour. Mbili: mulilala muzuri? Tatu: nyumba? Na kuendelea mpaka saba, ambayo ni ng'ombe. Maman Marie-Louise wa nyumba ile ya mabati ya bluu alitoka na sufuria, akajibu kwa kugonga. Alijibu saba zote. Halafu akaitupa.

DAWA

Mgeni rasmi, aliyeipata dawa ni Mugisho mwenyewe, kwa kwenda kwa miguu. Alirudi jioni moja, akatuambia: "Munajua? Mutu wa miguu anasimama. Anasalimia, anamaliza, halafu anaendelea. Sisi tulikuwa tunataka kufanya vyote viwili."

Basi dawa yetu ni hii. Asubuhi, kiazi au tone la sabuni, pangusa mpaka pakauke. Kitambaa juu ya pua. Ukimwona mtu wa kusalimiwa, weka pembeni, mguu chini, kioo juu, salimia mpaka ng'ombe wa mwisho. Ukimaliza, vuta pumzi moja ya nje, shusha kioo, nenda. Njiani, inamisha kichwa tu: hivi. Tumejaribu siku sita. Tunachelewa kidogo kufika, lakini tunafika mahali tulipokuwa tunaenda.

MAOMBI

La kwanza: sheria iongezwe mstari mmoja, kwamba pikipiki ikiwa imesimama pembeni, kioo kiruhusiwe kwenda juu kwa ajili ya heshima, na filimbi ipumzike.

La pili: parasol ya Kamati isogezwe hatua tano kutoka barabarani. Tumeishona pale ilipopasuka. Uzi ni mwekundu, ndio tuliokuwa nao. Sasa imeandikwa ONA MBALI, FIKA MZIM, na A moja imebaki kwenye kaske ya Mugisho, imegoma kutoka.

La tatu ni la Mugisho. Tumeona nyuma ya gari lililokuleta kuna kitu kimefunikwa na hema, na magurudumu mawili yanatokea. Tumejifanya hatujaona. Willy peke yake ndiye aliyepiga kelele. Tunaomba kitu hicho kishushwe, na wewe mwenyewe, Maman, upande nyuma ya Mugisho, uende naye mpaka kwenye kanisa na kurudi. Ukungu ukija, rudisha pikipiki kwenye gari, hatutasema neno. Kaske yako ni ile ya zambarau, Maman Bintu ameisugua kiazi kwa mkono wake.

Kuna sharti moja tu. Njiani Mugisho hatakusalimia wala hatakuuliza kitu. Usifikiri amekasirika. Ndiyo maana risala hii imekuwa ndefu: tumesimama pembeni, mguu chini, kioo juu, tunamaliza salamu zote hapa, ili yeye abaki na kazi moja ya kuona.

Basi tumalizie. Mulilala muzuri, Maman? Nyumba iko aje? Batoto banasoma? Mugongo ya Papa ilipona?

Na moja ya mwisho, ambayo Mugisho alituomba tusiisahau. Mwaka jana, siku ya mvua, ni yeye aliyekupeleka mbio kwenye bandari ulipoitwa kwamba baba yako ni mgonjwa kule kisiwani Idjwi. Hukumjua, alikuwa amefunga kaske. Tangu siku ile anajiuliza kama ulifika kwa wakati. Ile asubuhi ya parasol hakuwa anapita tu kwenye desturi. Alikuwa anauliza kweli, na parasol ikaingia kabla ya jibu.

Kwa hiyo tunauliza tena, kioo kiko juu, tunakuona vizuri: na muzee wa Idjwi, kifua yake iko aje?

Tutangoja jibu kabla ya kuwasha.

Mungu akupe siku nyingi, macho makavu na njia isiyo na mashimo. Aibariki Kamati, kiazi, na mwiko wa Maman Bintu.

Ni sisi, Wamotard wa Parking ya Cimpunda, tulioona mbali, tukafika mzim.
Imesomwa na Hervé, katibu, kwa sababu mwandiko wake ndio unaosomeka.