Sketi Itamdondoka

Treni ya asubuhi ilikuwa haijashika mwendo, na mwalimu aliyekaa mbele yangu ameshamweleza jirani yake jinsi wanafunzi wake wanavyoandika hesabu kwenye blogu ya darasa, ili watu wazisome. Hakuulizwa, lakini walimu huwa hawangoji kuulizwa.

Jirani yake alikuwa mama mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Mwanangu, shule ni ubao na chaki," alisema. "Huko mtandaoni kila mwenye kidole ni mwalimu."

"Ndiyo raha yake, mama. Juzi walimpima mwenzao kiuno, wakapiga hesabu ya kitambaa cha sketi yake, wakaiweka na picha, nami nikawawekea alama ya vema. Kesho yake mtu tusiyemjua akaandika chini yake: 'Mmempima akiwa na sweta. Sketi itamdondoka.' Darasa zima likapima upya. Mimi hawajawahi kunisikiliza hivyo."

Mama akaizungushia futi yake kidoleni. Mimi niliendelea kusoma gazeti, ukurasa uleule tangu tuondoke.

"Na pindo waliacha?" akauliza.

"Pindo gani?"

"Niliwaambia waache vidole vinne. Jibu sijaliona."

Mwalimu akaitazama ile futi shingoni mwake. Kisha akasema taratibu, "Waliacha, mama. Wanakungoja uwaambie kama linatosha."

Treni ikasimama. Mama akainuka, akajikung'uta nyuzi gaunini. "Bado nasema hiyo si shule," alisema, akashuka huku akipapasa mkobani kutafuta miwani, simu tayari iko mkononi.