Mwanaima binti Saburi, Aliyeingia Ruangwa kwa Miguu

Mwalimu wetu Shaibu, wazee, wajomba mliotoka Ruangwa, kina mama mlioko uani, na nyinyi watani ambao tangu alfajiri hamjatuacha tulie kwa raha, familia inaomba kimya cha muda mfupi kabla jeneza halijanyanyuliwa, ili Isihaka, mdogo wa marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, asome maisha ya dada yake kama yalivyoandikwa jana na wanafamilia, na mwenye kuona tumekosea tarehe atuvumilie mpaka tumalize.

Marehemu Mwanaima binti Saburi alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Mei 1926, kijijini Nanganga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Saburi na bi Zaina, wakulima wa mtama, mihogo na ufuta, na tarehe hiyo si ya kukisia, kwa maana baba aliiandika kwa mkono wake ndani ya jalada la msahafu. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla ya kutimiza miezi tisa, na majirani wakimjibu kwamba hakutembea, alikimbia.

Mwaka 1933 aliingia chuo cha Mwalimu Shaibu, hapo hapo Nanganga, akahitimu msahafu mwaka 1938, wakati kaka zake wawili wakubwa walikuwa bado wanahangaika na juzuu ya nne, jambo ambalo hawakupenda kabisa litajwe na leo limetajwa. Mwaka 1939 alipelekwa shule ya serikali, akasoma hadi darasa la pili, akajua kuandika barua na kupiga hesabu, kisha baba akaugua na binti akarudi kushika jembe, na hakuwahi kulalamika, ila kila karatasi yenye maandishi iliyopita mbele yake aliisoma mpaka mwisho.

Alhamisi tarehe 7 Juni 1945 aliolewa na Mbaruku bin Swalehe, wa hapa Nambambo, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Abdalah aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1947, Mwamina tarehe 19 Oktoba 1950, na Sabaha tarehe 27 Desemba 1955. Ndoa yao ilikuwa ya kupendana, hilo anajua kila aliyepita karibu na ule ua akasikia vicheko, lakini Mbaruku, na mwenyewe ameruhusu isemwe, alikuwa mtu wa hasira za moto wa mabua, zinawaka ghafla na kuzima kabla hujatafuta maji.

Kampuni ya karanga ilipofika Nachingwea na matrekta yake, Mbaruku aliajiriwa karakana, na tarehe 1 Machi 1948 marehemu aliajiriwa kufua mashuka katika hospitali, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na moja, akitakiwa awe ameripoti kabla ya saa moja asubuhi. Kwa miguu kutoka Nambambo ilimbidi atoke kungali giza, ndipo mwaka 1949 mumewe mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akamfundisha kupanda baiskeli katika yale mashamba mapana yaliyosafishwa na matrekta, ambako karanga zilikataa kustawi lakini dada yetu akastawi. Alishona suruali pana ya marekani, juu yake akajifunga kaniki, kichwani ushungi, na tangu hapo akawa anapita barabarani kila asubuhi kama mshale, na wanaume waliokuwa wakienda kazini wakaanza kumkimbiza, wakashindwa, na kila aliyeshindwa alifika karakana akisema mnyororo wake ulikuwa mbovu.

Sasa tunafika kwenye lile jambo ambalo wengi mmelisikia likisimuliwa vilabuni na kwenye vibaraza, kila mtu na chumvi yake, na familia imeona leo lisemwe kama lilivyokuwa. Mwezi Juni 1953 chama cha waendesha baiskeli cha Nachingwea kilibandika tangazo la mashindano ya siku mbili, Jumamosi kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, Jumapili kurudi, na mshindi awe yule ambaye muda wake wa siku zote mbili ukijumlishwa ni mfupi kuliko wa wenziwe, na sharti likawa kila mshindani awe na baiskeli yenye breki mbili na kengele. Marehemu alilisoma tangazo mpaka mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake, akaandika jina lake la tano, na karani wa chama alitafuta kifungu cha kumzuia asikione, maana haikuwapitia akilini kwamba mwanamke angekuja.

Habari zikafika Ruangwa kwa wajomba zake Mbaruku, na nyinyi wajomba mpo hapa, msinune, mlituma ujumbe kwamba hamtaki kumwona mke wa mpwa wenu amepanda chuma katikati ya soko lenu. Jumapili tarehe 26 Julai, hapa Nambambo, mbele ya watu kumi na kitu waliokuwa wanakunywa kahawa, mmoja wao akamuuliza Mbaruku kama siku hizi nyumbani kwake suruali inavaliwa na nani, watu wakacheka, na yeye, akiwa amewaka, akaapa kwamba siku atakayoonekana mke wake juu ya baiskeli ndani ya Ruangwa, ameachika, talaka zote tatu. Loo! Kikombe cha kahawa kilikuwa hakijapoa, tayari ameshajuta. Akakimbilia kwa Mwalimu Shaibu, ambaye siku zile alikuwa amekuja kusomesha hapa Nambambo, kuomba kiapo kifutwe, na Mwalimu akamwambia kwa huzuni kwamba maji yakimwagika hayazoleki, mkewe akipanda baiskeli ndani ya Ruangwa basi ndoa imekwisha, na kumrudia haitawezekana mpaka kwanza aolewe na mume mwingine.

Dada yetu alilia, na familia haina sababu ya kuficha hilo, alilia usiku kucha, kwa maana alimpenda yule bwana na hakuwa na haja ya mwingine, na wakati huo huo jina lake lilikuwa limeshaandikwa, na aliona kwamba akilifuta mwenyewe, hatalala tena bila kujiuliza angefika wa ngapi. Asubuhi yake alimwendea Mwalimu Shaibu, hakumwomba ruhusa wala fatwa, alimuuliza jambo moja tu, Ruangwa inaanzia wapi. Mwalimu akamjibu kwamba kwa mipaka ya majumbe inaanzia kwenye daraja la magogo, karibu nusu maili kabla ya soko, naye dada akashukuru akaenda zake kazini. Hakumwambia mumewe alichokusudia, akamwacha wiki nzima aive katika chungu alichokipika, na baadaye alipoulizwa na mdogo wake kwa nini, alisema mdomo ule ulihitaji wiki ya kufunga.

Jumamosi tarehe 1 Agosti 1953, saa moja asubuhi, washindani ishirini na sita waliondoka Nachingwea, yeye akiwa mwanamke peke yake, kwa baiskeli ya kiume aliyoizoea, na kwa maili kumi za kwanza alikaa nyuma akila vumbi la wenziwe, akiwasoma mmoja mmoja. Palipoanza mchanga wengi walishuka wakasukuma, yeye akapita ukingoni penye nyasi, penye mlima akasimama juu ya pedeli, na maili tatu kabla ya kufika alikuwa mbele pamoja na Seleman, karani kutoka Lindi, aliyekuwa na baiskeli mpya na maneno mengi, ambaye leo ameketi pale mkekani na maneno yamemwishia. Waliteremka kuelekea darajani dada yetu akiwa ametangulia hatua mia moja.

Darajani alikuwa amesimama Mbaruku, mikono kichwani. Alikuja na lori la Ijumaa akidai ana ufuta wa kuuza, na ufuta hakuwa nao. Alipomwona mkewe anateremka kwa kasi ile, kama alivyosema mwenyewe, aliona nyumba yake inabomoka, akafumba macho asije akawa shahidi wa talaka yake.

Alipoyafumbua, mkewe alikuwa amefunga breki mbili kwa pamoja, ameshuka, ameinua baiskeli nzima na kuitia begani, na anavuka magogo kwa miguu. Mbaruku akabubujikwa na machozi mbele ya umati, akamkimbilia kumpokea mzigo, naye akamkemea, “Usiiguse! Watanifuta. Wewe kimbia tu, mume wangu.” Wakakimbia pamoja nusu maili nzima, mke na chuma begani, mume kando yake analia, na Seleman akawapita, wakapitwa na wengine sita, watu wa soko mwanzo wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha yupo aliyekijua kile kiapo akapaza sauti kueleza, kicheko kikakatika, na kina mama wa Ruangwa wakapiga vigelegele ambavyo havikunyamaza mpaka alipovuka mstari, akiwa wa nane. Waamuzi walibishana saa nzima, wakasoma masharti yao mara tatu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba baiskeli isimpande mtu.

Jumapili kipenga kilipigwa pale pale sokoni, wenziwe ishirini na watano wakaruka na kupotea, yeye akaibeba tena baiskeli mpaka ng’ambo ya daraja, akapanda akiwa wa mwisho, na hapo ndipo watu walipojua Mwanaima binti Saburi alikuwa nani. Mbaruku, aliyefuata nyuma katika lori la chama, alihesabu kwa sauti kila mmoja aliyepitwa, na walipofika njia panda ya Nambambo alikuwa amefika ishirini na nne na sauti imemkauka. Wa ishirini na tano, Seleman, alipitwa mbele ya maduka ya Nachingwea. Muda wa siku mbili ulipojumlishwa, dada yetu alikuwa wa pili, nyuma ya Seleman kwa dakika nne, na dakika zile nne kila mtu anajua alizitumia wapi, na yeye mwenyewe hakuzijutia hata siku moja.

Mwezi Machi mwaka huu wa 1959 alianza kuvimba miguu, akatibiwa Nachingwea, na mwezi Juni akalazwa hospitali ya misheni, ambako waligundua figo zimechoka, na pamoja na jitihada zote alifariki nyumbani hapa Nambambo, Jumatano tarehe 9 Septemba 1959, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali zote mbili, hasa muuguzi Eusebio, aliyekuja kwa baiskeli kila Jumapili baada ya ibada yake, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kufua, majirani waliopika na kuchota maji, chama cha waendesha baiskeli, na Mwalimu Shaibu, aliyekuja kutoka Nanganga kwa umri wake huo.

Kuna waliouliza asubuhi kwa nini kina mama walikaa uani na mlango wa chumba ukafungwa. Mbaruku aliomba amwoshe mkewe mwenyewe, na Mwalimu Shaibu akasema sheria inamruhusu, kwa kuwa mume ni mume mpaka kaburini, lakini lau angekuwa amemwacha, leo angekuwa mtu kando, asiye na haki hata ya kumfunua uso. Amemwosha taratibu, kuanzia kichwani, na alipofika kwenye miguu ile alikaa nayo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Nenda salama, Mwanaima binti Saburi, mke wa Mbaruku, Mola akulaze mahali pema.