Kura ya Akbar

Ukungu wa bondeni ulikuwa umefunika madirisha ya basi lililotoka mtaa wa Flemingdon Park, huko ughaibuni, na Kawthar alikuwa nusu usingizini aliposikia Kiswahili nyuma yake. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akimweleza bwana aliyeketi naye kwamba bahasha aliyoipakata ni kura ya mumewe, Akbar, ya kumchagua diwani. Mzee aliijaza akiwa kitandani, akaandika jina lake na kutia sahihi juu ya bahasha, akamwomba aipeleke kwenye sanduku la kura za posta. Juzi wakamzika.

"Pole sana, mama," yule bwana alisema. "Lakini marehemu hapigi kura. Naona hawataihesabu."

"Alipiga akiwa hai, mwanangu. Mimi naipeleka tu."

"Waarifu kwanza wasimamizi wa uchaguzi kwamba amefariki."

"Nitawaarifu. Tangu apate uraia hakukosa uchaguzi hata mmoja."

Kawthar alitamani kugeuka awaamue, ila hakujua nani mwenye haki. Basi likapunguza mwendo, taa za barabarani zikielea ukunguni. Yule bwana akamshika mama mkono, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Na wasipoihesabu?" akamuuliza taratibu.

"Basi angalau watalisoma jina lake," alisema mama, na mlango ukafunguka.