Msokoto wa Pipa Lililozimwa

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na lango la kiwanda cha sabuni. Jumamosi kiwanda hufungwa saa saba, na ikifika saa tisa tumeshakaa: Profesa, ambaye ndiye kinyozi; Kufuli, mlinzi wa lango; mwenye kahawa; mimi; na Skrubu, fundi wa mitambo. Siku hiyo Skrubu hakugusa kikombe chake. Alikuwa akitazama simu.

Skrubu alikuwa ametengeneza kifaa cha bei nafuu cha kupima nguvu inayousokota mhimili wa mashine. Jina lake sahihi ni kipima msokoto. Wenzangu wanakiita kipele, kwa kuwa amekigandisha kwa gundi, kikatokeza juu ya chuma. Kina betri yake, na hutuma namba kwenye simu bila waya. Kilikuwa katika majaribio, kwenye mhimili wa pipa la kuchanganyia sabuni. Jumatatu meneja angeamua anunue vinane, au Skrubu akibandue aende nacho.

— Umeme si umezimwa? Profesa aliuliza, akiona namba inacheza kwenye simu.

— Swichi kuu nimeishusha kwa mkono huu, alisema Kufuli. Na mlango nikaufunga.

— Sasa nani anausokota huo mhimili?

Namba ilipanda hadi mbili, ikatulia, ikarudi sifuri. Kisha ikapanda tena, taratibu, kama mtu anayepapasa kitasa gizani.

Kufuli alisema pipa halina kitu ndani, na debe tupu haliachi kuvuma. Profesa alimcheka. Chuma, alisema, kikizungushwa miaka ishirini hujizungusha hata usingizini. Mazoea yana taabu. Mwenye kahawa alishusha sauti, akatukumbusha yule mchanganyaji wa zamani aliyekatwa mkono na pipa lile lile. Mkono haukuzikwa, alisema. Unamtafuta mwenyewe, maana damu nzito kuliko maji. Hapo hakuna aliyecheka.

Nilimuuliza Skrubu yeye anaonaje.

— Ni gundi, mzee wangu. Joto likibadilika inavuta. Nilikibandika kwa haraka.

— Una hakika?

— Ingekuwa nini tena? Meneja akiona kinaota ndoto mchana, nimekwisha.

Angeweza, alisema, kukiamuru kwa simu kisihesabu chochote chini ya tano. Aliniuliza kama huo ni udanganyifu. Nilimjibu kwamba bandu bandu humaliza gogo. Hadi leo sijui nilikusudia nini. Alibonyeza. Namba ikalala kwenye sifuri, na Kufuli akampiga begani, akamwambia shetani wake ameshaaga. Tukaongezewa kahawa.

Mama mmoja akatoka upande wa lango, amejifunga khanga kiunoni, bakuli la chakula mkononi. Alitusalimu kwa adabu, akamgeukia Kufuli.

— Shemeji, nimegonga mlango weee. Baba watoto alisema leo anabaki kuingia ndani ya pipa kulisugua. Ametoka saa ngapi?

Profesa alimtazama mwenye kahawa. Kufuli alitia mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Skrubu aliinua simu akaiweka karibu kabisa na macho. Ilionyesha sifuri, kama alivyoiamuru.