Nikiingia Pale Sitoki

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu wa Rujewa. Mchungaji amenipa dakika chache, na sauti yangu bado haijarudi yote, kwa hiyo mlioko nyuma mtanivumilia.

Mnanijua. Mimi ni mama Atupele, yule wa mashine ya kukoboa mpunga. Kwa miaka mingi mmeniona na kitambaa shingoni, hata jua likiwaka. Kilikuwa kinaficha goita. Ilianza kama kifundo kidogo, ikakua mpaka ikawa kama ngumi ya mwanaume. Mwishowe ikaanza kunibana. Tonge la ugali linakwama. Nikilala chali pumzi inakata, ikawa nalala nimekaa. Daktari akasema itolewe, akaniandikia rufaa kwenda Iringa. Atupele, binti yangu wa kwanza, ameolewa huko, kwa hiyo pa kufikia palikuwepo.

Ndugu zangu, maumivu sikuyaogopa. Niliogopa ule usingizi. Dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, aliingia chumba cha upasuaji akiwa anaongea, akatolewa amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo nikawa na neno moja moyoni: nikiingia pale sitoki. Nililisema nikipepeta mchele, nikalisema nikishona magunia. Mume wangu nilimwambia, wateja niliwaambia. Hata Mungu nilimwambia, nikadhani nasali.

Mara ya kwanza nilipolazwa, asubuhi ya upasuaji wakapima presha, ikawa juu sana. Wakasubiri, wakapima tena, ikazidi. Wakaniruhusu nirudi nyumbani na dawa za presha. Mara ya pili yakawa yale yale, na dawa nilikuwa nameza. Daktari akanieleza kwa upole kwamba mtu mwenye presha ile hawezi kumlaza usingizi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitoka mle na furaha. Nilipofika kwa Atupele nikamwambia, "Umeona? Hata Mungu mwenyewe hataki."

Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini, akasema, "Mama, umesema hutatoka mpaka na mimi nimeamini. Juzi nilikuwa sokoni nikashika kitenge, nikajikuta nafikiria kama kitakufaa kuzikwa nacho."

Halafu akachukua kisu, akaendelea na viazi vyake.

Nimesikiliza mahubiri mengi katika maisha yangu. Hakuna lililonipiga kama hilo. Nilikuwa nimeshajizika nikiwa hai, na mtoto wangu nimempa jembe.

Siku ya kurudi kliniki nilimkuta nesi mmoja wa kitengo cha usingizi, dada wa Kihehe anayeongea polepole. Aliniuliza tu kama kuna kitu naogopa. Nikalia, nikamweleza yote, ya dada yangu na ya kitenge. Hakunicheka. Alinieleza hatua kwa hatua watakavyonifanya, nani atakaa kichwani pangu na kazi yake ni nini. Akasema dawa za presha nisiache hata siku moja, lakini na mdomo wangu niupe kazi nyingine. Nichague maneno machache mazuri, niyaseme kila siku kwa sauti huku navuta pumzi taratibu.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nasema, "Mimi ni mzima, sina ugonjwa." Mkono ukienda shingoni, goita ipo. Moyo unakataa. Kliniki iliyofuata nikamwambia yule nesi kwamba hii dawa yake haifanyi kazi.

Akasema, "Mama, usijidanganye. Sema kitu ambacho hata wewe mwenyewe utakiamini."

Basi nikakaa na Atupele tukatafuta. Tukapata matatu. Mungu ameshaingia chumba kile kabla yangu. Watu hawa wanaijua kazi yao. Nitaamka nina kiu, na Atupele atakuwepo. Hilo la kiu alitupa nesi, kwamba wengi wakiamka huwa na kiu. Nililipenda kuliko yote, maana maiti hasikii kiu.

Nikarudi hapa Rujewa nikayasema wiki nyingi. Mashine ikinguruma, mimi nasema. Mwanzoni baba Atupele alidhani namsemesha yeye, akawa anaitika. Siku nyingine lile neno la zamani lilinitoka lenyewe kwa mazoea. Nikawa navuta pumzi, naanza tena na yale matatu.

Mara ya tatu nikalazwa. Asubuhi ya Iringa na baridi yake, gauni la hospitali jepesi. Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Wakafunga mpira mkononi wakapima. Daktari akaangalia, akasema ipo juu kidogo lakini inafaa, twende. Nikapita ule mlango kwa miguu yangu. Nilipolala mezani nikaanza kusema yale maneno. La kwanza nikamaliza. La pili nikamaliza. La tatu nilifika kwenye kiu.

Nilipofungua macho, koo lilikuwa kavu kama pumba. Nikasema, "Maji." Sauti haikutoka, midomo tu ndiyo iliyotikisika. Lakini Atupele alikuwa ameinama pale, akaelewa. Nesi akanilowesha midomo na pamba. Ndugu zangu, nililia kwa sababu ya kiu!

Kovu hili hapa, sivai tena kitambaa. Kidonge cha kushika kazi ya ile tezi waliyoitoa nitameza kila asubuhi maisha yangu yote. Yuko mpendwa aliyeniambia kwamba kwenda kwenye kisu ni kukosa imani. Sikubishana naye. Ninachojua ni kwamba nililala chali jana na juzi, na lile neno la zamani limeniacha. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari na yule nesi, na mwanangu aliyenieleza ukweli.

Mwamini Mungu hata pale unapoongea peke yako, maana napo anakusikia. Na kama kuna mtu hapa ana karatasi ya rufaa ameifungia sandukuni, anione nje baada ya ibada. Sitakuhubiria. Nitakuuliza tu unajiambia nini, halafu tutapanga siku, nitapanda basi na wewe.