Mwanachama Mpya

Ndani ya teksi ya Ekerenyo, Bi. Kerubo alijifanya anasoma kijitabu cha lesoni ya Sabato, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko abiria mwenye bahasha alikuwa akimwambia dereva kwamba hatimaye amekubaliwa katika chama cha wahandisi. "Pongezi, Injinia!" dereva akasema. "Mbona unaongea kama mtu wa matanga?"

"Walitaka wanachama wawili wanidhamini. Wa pili alikuwa mkubwa wangu kazini, akaikalia fomu yangu miaka miwili."

Hilo Kerubo alilielewa. Hata kanisani, anayehamia bila barua ya ushirika hubaki mgeni, hata akiimba vizuri namna gani.

"Sasa alilegezwa na nini?"

"Aliniletea ripoti ya daraja, inasema nguzo zimefika kwenye mwamba. Mimi ndiye niliyechimba pale. Ni tope tupu. Nilitia sahihi kwenye ripoti yake, naye akatia kwenye fomu yangu."

"Daraja gani hilo?"

Wakakata kona, mto ukaonekana. Injinia akashika kitasa cha mlango. "Nishukishe hapa, ndugu."

"Si ulisema kwenu ni ng'ambo?"

Alishuka, akakunja suruali, akateremka kwenye mawe ya kuvukia, bahasha ameishika juu isilowe.

Dereva alibaki ameshika usukani, daraja likiwa mbele yake. "Mama," akauliza bila kugeuka, "twende?"

Kerubo alikifunga kijitabu, akalitazama daraja. Wajukuu wake hulivuka kila asubuhi wakienda shule.